Mrejesho: mdogo wangu ameshapasuliwa lile fundo la mishipa kichwani

Wakuu, nilikuja hapa nikilia. Mdogo wangu alipata degedege, picha ikaonyesha fundo la mishipa alilozaliwa nalo: ateri zinamwaga damu moja kwa moja kwenye vena bila kupitia kapilari, vile vimishipa vidogo vya katikati. Niliuliza apasuliwe, apigwe mionzi au aachwe.

Amepasuliwa. Daktari alitumia madaraja ya Spetzler na Martin ya mwaka 1986, yanayoangalia ukubwa wa fundo, mahali lilipo na vena zinazotoa damu. Lake lilikuwa chini ya sentimita 3, mbali na sehemu za kusema na kuona, na vena zake za juu juu. Daraja la 1 kati ya 5, yaani lile lenye hatari ndogo zaidi kupasuliwa. Mionzi ingechukua miaka 2 hadi 3 kuliziba, na muda wote huo linaweza kupasuka. Kuziba kwanza mishipa ya fundo kwa gundi kabla ya kupasua, kama wengi mlivyosema, kwake hawakuona haja.

Alipozinduka, muuguzi alimpa vidole vyake, akamwambia avibane. Mkono wa kulia ukabana. Wa kushoto ukachelewa, ukabana kwa unyonge. Jamani, nilihisi miguu inaniisha! Kesho yake ulikuwa na nguvu zote.

Angiografia (picha ya mishipa ya damu) ya baada ya upasuaji haikuonyesha mabaki ya fundo. Dawa za degedege bado anameza, asiache mwenyewe.

Uliyenishauri nimuulize daktari ameshafanya upasuaji huu mara ngapi, Mungu akubariki sana. Nyuzi zimetolewa jana.