Ukoo wa Mzee Athumani: jina la mtoto bado

*Jumatatu, saa 12:40 jioni*

Baba Imrani (Muscat): Assalamu alaykum wote. Alhamisi ndiyo akika na mtoto hana jina. Mimi na mwenzangu tumebakiza matatu: Rayyan, Luqman, Salman. Tusaidieni kuchagua.

Hemedi: Waalaykum salaam. Mbona yote yanalia an, an, an? Mnataka mtoto au mnataka kengele? 😂

Mama Imrani: Shemeji umeshaanza. Mkubwa wake ni Imran, tunataka majina yafuatane. Ukimwita mmoja, wa pili ajijue.

Dada Zai (Leicester): Rayyan zuri mashallah. Ndio ule mlango wa peponi wa waliofunga. Na huku hata mwalimu wa kizungu analitamka bila kujiuma ulimi.

Hemedi: Dada, mtoto kazaliwa Tanga, mwalimu wa Leicester anamhusu nini?

Dada Zai: Atamhusu siku akija kusoma. Na msidhani majina yetu huku ni mageni. Mwaka 2023 Muhammad ndilo lililoongoza kwa watoto wa kiume Uingereza na Wales, likalipita Noah. Na huyo Noah ni nani kama si Nuhu wetu?

Kaka Mkubwa: Nuhu! Hilo mbona hakuna aliyelitaja? Fupi, la mtume, halimsumbui mtu.

Mama Imrani: Kaka, wenzake wakishajua tu watamwita Noah, wamuulize anabeba abiria wangapi.

Hemedi: 😂😂 Level siti! Haya, kazaliwa siku gani? Twende kizamani.

Mama Imrani: Alhamisi saa tatu usiku.

Hemedi: Basi Hamisi, kazi imekwisha.

Kaka Mkubwa: Hapana bwana. Magharibi ikishaingia Alhamisi imetoka. Saa tatu hiyo ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Huyo ni Juma.

Baba Imrani (Muscat): Hesabu ni hiyo, ndiyo maana siku ya saba inaangukia Alhamisi. Lakini Juma hapana jamani. Ukiita Juma pale mtaani wanageuka sita.

Mama Imrani: Na baba yangu kapiga simu kutoka Lushoto, anataka Kimweri.

Hemedi: Mfalme wa Vuga! Sasa Simba Mwene nani atathubutu kumbadilisha nepi? 😂

*Saa 12:58*

Bi Mkubwa (anaandika Rehema): Nimesomewa yote. Hayo majina yenu yanakatika. Simama mlango wa uani umwite mtoto yuko kule kwenye mnazi. Rayyan! Sauti imeishia puani. Jina la kumwitia mtoto liwe na mkia wa kuvuta. Huyo mkubwa mlimwandika Imran, nani anamwita hivyo? Muuza mihogo anamwita Imrani. Mwalimu wa madrasa Imrani. Na wewe mwenyewe baba yake kwenye simu unajiandika Baba Imrani.

Rehema: Hapo alinyanyuka kweli akaenda mlangoni akaita Imraniiii. Kaitika kutoka nyumba ya tatu 😂

Kaka Mkubwa: Mama yuko sawa. Mdomo wa Mswahili hautaki kufunga neno kwa kubana. Salim akishuka jahazini anakuwa Salimu. Rashid, Rashidi. Ayyub, Ayubu. Idris tukampa a, akawa Idrisa. Andikeni Rayyan mkitaka, akifika Barabara ya Kumi na Mbili ni Rayani.

Mama Imrani: Rayani mbona si baya.

Bi Mkubwa (anaandika Rehema): Na jina la Mzee mmelitupa wapi?

*Saa 1:09 usiku*

Baba Imrani (Muscat): Mama, halijatupwa. Ataandikwa Rayyan Saidi Athumani. La Mzee limo.

Bi Mkubwa (anaandika Rehema): Limo la tatu. La tatu ni la ofisini. Nani aliwahi kuitwa akale kwa jina la tatu? Imrani alipozaliwa Mzee mwenyewe alisema mpeni lenu, langu bado nalitumia. Sasa halitumii.

Baba Imrani (Muscat): Mama nakuelewa. Ila jina lile limenitesa. Cheti cha kuzaliwa kinasema Athumani. Shule wakaandika Othman. Pasipoti ikafuata cha shule. Wakati wa kuja huku nikaenda kwa wakili kuapa kwamba Athumani na Othman ni mtu mmoja, na mtu huyo ni baba yangu. Wiki tatu nazunguka na karatasi. Sitaki na huyu aje aape.

Hemedi: Ngoja. Kaka, litamke Kiarabu, kama la mwenyewe. Yule khalifa wa tatu.

Baba Imrani (Muscat): Uthman.

Hemedi: Rudia mwisho wake.

Dada Zai (Leicester): 😳

Hemedi: Im-ran. Uth-man. Mmeitafuta an mpaka Muscat na Leicester, kumbe iko kwenye jina la kikundi.

Mama Imrani: Jamani 😂 Imrani na Athumani. Nimeyaita hapa kwa sauti, yanafuatana!

Baba Imrani (Muscat): Kweli aisee. Sasa kwenye lile tangazo tulilopewa hospitali naandika lipi? Uthman, Othman?

Kaka Mkubwa: Athumani. Herufi kwa herufi kama cheti chako cha kuzaliwa. Athumani Saidi Athumani. Na picha ya karatasi uitume humu kabla haijapelekwa, tuisome wote.

Dada Zai (Leicester): Na Rayyan yangu?

Mama Imrani: Wifi, nimekuwekea. Wa tatu akija.

Hemedi: Kaka umesikia huko? 😂

Mama Imrani: Lakini Mama, mimi nitalitajaje jina la baba mkwe? Akimwaga uji nimgombeze, Athumani we! Siwezi.

Bi Mkubwa (anaandika Rehema): Nani kakwambia ulitaje? Mimi nimekaa naye miaka 41, Baba Zai, Baba Zai, mpaka namfukia sijamwita jina. Wewe mwite Babu. Mimi huyo ni mume wangu, nitamwita mume wangu, na kula atakula kwangu. Jina wataliita Imrani na watoto wa mtaani.

Rehema: *[ujumbe wa sauti, sekunde 6]* Huyo Imrani, kasimamishwa mlangoni.

Dada Zai (Leicester): "Atumaniii." Nimeisikiliza mara nne 😭

*Saa 1:40*

Kaka Mkubwa: Alhamdulillah. Mtoto wa kiume ni mbuzi wawili. Nani anachanga?

*Saa 2:25*

Kaka Mkubwa: Nimetaja mbuzi mmenyamaza kama mmekatiwa bando.

Baba Imrani (Muscat): Wangu mmoja natuma kesho asubuhi.

Dada Zai (Leicester): Nusu ya wa pili juu yangu.

Kaka Mkubwa: Hemedi, tunakuona uko hewani.