Mafundi wa Moshi, acheni kutufungia shokapu ngumu kama nondo

Wakuu, salaam.

Uzi huu unawahusu mafundi na wauza spea wa Moshi, kuanzia Pasua, Majengo na Kiboriloni mpaka gereji za kando ya njia huko Kibosho, Uru na Marangu. Unawahusu zaidi wenye pikipiki, kwa sababu ninyi ndio mnaolipa mara mbili: mnalipa kuharibiwa, halafu mnalipa kuchomelea.

Lalamiko ni hili. Dereva akisema nyuma inagonga, hakuna anayepima kitu. Anaambiwa shokapu zake laini, zifanywe ngumu, na zinafanywa ngumu kwa njia yoyote iliyo karibu. Fundi anabonyeza siti kwa kiganja, haizami, anasema sasa imekaa. Haijakaa! Shokapu isiyozama imeacha kazi, na kazi yake imehamia kwenye spoki, keria, chesisi na uti wa mgongo wa abiria. Mama anayeshuka kutoka Kibosho na mtoto mgongoni anapokea kila jiwe la barabara ile, na nauli ametoa.

Ugonjwa mkubwa kuliko yote ni kipande cha bomba kinachochomekwa juu ya springi. Jamani, pigeni hesabu kabla ya kushika msumeno. Chukua shokapu ambayo rodi yake (ile fimbo ya chuma ya katikati) inaingia milimita 80 kabla ya kufika mwisho kwenye mpira wa kikomo. Hesabu nafasi kati ya mizunguko ya springi ikiwa haina mzigo: tuseme nafasi 15, wastani wa milimita 6 kila moja, jumla 90. Hapo kuna akiba ya milimita 10, yaani rodi inafika mwisho wake kabla mizunguko haijagusana. Sasa fundi anachomeka bomba la milimita 25. Nafasi zinabaki 65. Kwenye shimo la kwanza lenye kina, mizunguko inagusana chuma kwa chuma wakati rodi bado ina milimita 15 za kwenda. Kuanzia hapo huna springi, una nondo. Nguvu yote inapigwa kwenye jicho la shokapu (tundu lake la kufungia) na kwenye pini ya juu iliyochomelewa kwenye chesisi. Zile pini zilizopinda na zile nyufa za nywele pembeni ya weldi zinatoka hapo, halafu lawama anatupiwa kiwanda.

Na bomba halijaongeza ugumu wa springi hata kidogo. Springi ya kawaida inayozama milimita 5 kwa kilo 10 itaendelea kuzama milimita 5 kwa kila kilo 10 zinazoongezeka. Kilichofanyika ni kuibana mapema ili nyuma ikae juu. Ugumu wa kweli unatoka kwenye unene wa waya, upana wa springi na idadi ya mizunguko. Waya wa milimita 7 ukiubadilisha na wa 7.5, vingine vyote vikibaki vilevile, ugumu unapanda kwa karibu asilimia 32. Ukiweka wa milimita 8 unapanda kwa karibu asilimia 71. Nusu milimita tu inabadilisha pikipiki nzima, ndiyo maana kuchagua springi kwa macho dukani ni kubahatisha.

Wapo pia wanaoichoma springi kwa moto wa gesi na kuivuta iwe ndefu. Chuma cha springi kimepikwa na kupozwa kwa utaratibu maalumu ili kiweze kurudi. Ukikipasha mpaka kiwe chekundu umekiua, na ndani ya muda mfupi springi itakaa chini kuliko ilivyokuwa.

Lingine ni hili la kutoboa shokapu iliyovuja, kujaza oili ya injini mpaka juu, kisha kuziba kwa weldi. Rodi inapoingia ndani inahitaji nafasi. Rodi ya milimita 12 ikiingia milimita 80 inachukua karibu mililita 9. Kiwandani nafasi hiyo imeachwa kwa hewa au gesi ndani ya shokapu. Ukijaza mpaka mdomoni, oili haina pa kwenda kwa kuwa haibonyei, kwa hiyo shokapu inakwama katikati au oili sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, inapasuka siku ileile. Halafu oili ya injini ya 20W-50 ni nzito mno kwa vitundu vya ndani ya shokapu. Kazi hiyo inataka oili nyepesi ya shokapu, na kwa shokapu isiyofunguka kwa nati, jibu ni kununua mpya. Zile zenye gesi ya presha msiziguse kwa drili wala moto kabisa. Zinaweza kulipuka na kuua mtu.

Na hizi zenye kichupa pembeni, cha dhahabu au chekundu, zinazouzwa kama za gesi! Kwenye nyingi za bei ya chini kichupa hicho ni urembo, hakina kitu ndani na hakijaungana na shokapu kwa tundu lolote. Ukiwa dukani shika shokapu wima, weka jicho la chini kwenye mbao, kandamiza kwa uzito wako wote, kisha achia. Nzuri inazama kwa ukinzani na kurudi taratibu kwa mwendo mmoja. Ikirudi kwa kasi na kukurusha mikono, hiyo ni springi iliyovishwa nguo. Mangi wa duka akikukataza kuijaribu, ondoka.

Sasa nyumbani. Kabla ya kununua chochote, hakikisha ugonjwa ni wa shokapu kweli. Weka stendi ya kati, chuchumaa nyuma, shika tairi kwa mikono miwili kushoto na kulia, sukuma na kuvuta upande kwa upande. Ikicheza, angalia kinachocheza: ikiwa ni tairi peke yake, ni beringi za gurudumu; ikiwa ni tairi pamoja na swingamu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma), ni bushi za swingamu. Bushi zilizokwisha zinafanya nyuma iyumbe kwenye kona na watu wanabadilisha shokapu bure. Pima na upepo pia. Tairi la nyuma kwa pikipiki nyingi za kazi, hizi za bodaboda, linataka psi 28 ukiwa peke yako na kama 32 ukiwa na abiria, na kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Wengi wanajaza 45 halafu wanalaumu shokapu.

Kisha angalia rodi. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Vumbi lililoganda likawa tope jeusi lenye kung'aa kuzunguka rodi ni oili inayotoka. Pitisha ukucha juu ya rodi: ukikwama kwenye vishimo vya kutu, sili mpya haitadumu. Bonyeza nyuma kwa nguvu uachie. Irudi, ipite kidogo, itulie. Ikidunda mara mbili au tatu, oili imekwisha, na hakuna ngazi ya kukaza itakayorudisha hilo.

Kupima mzamo, yaani nyuma inashuka kiasi gani kwa uzito, ndiko mafundi wanakoruka, na ndiko kwenye kazi yote. Unahitaji futi ya chuma, kipande cha tepu na watu wawili wa kusaidia, mmoja ashike usukani na mwingine apime. Tairi la nyuma likiwa linaning'inia, bandika tepu chini ya siti, wima juu ya ekseli, uweke alama. Pima kutoka katikati ya nati ya ekseli mpaka alama. Hicho ni kipimo A. Shusha pikipiki kwenye tairi zake, idundishe mara mbili, ikitulia pima tena: B. Kisha dereva akae na mavazi yake ya kazi, miguu kwenye pedeli: C. Bushi zikiwa kavu majibu hutofautiana ukiibonyeza na kuiachia au ukiinyanyua na kuiachia, basi pima kwa njia zote mbili uchukue wastani.

Kwa hizi pikipiki za kazi ambazo tairi la nyuma lina mwendo wa kupanda na kushuka wa milimita 90 hadi 100, A toa B iwe kati ya 5 na 15. A toa C iwe 25 hadi 35 kwa dereva peke yake. Ukibeba mzigo wako wa kila siku, isipite nusu ya mwendo wote.

Mfano: A ni 412, B ni 408, C ni 367, na kola (pete yenye ngazi inayobana springi) iko ngazi ya juu kabisa. Pikipiki tupu imezama 4 tu, lakini dereva ameizamisha 45. Wengi wakiona ile 4 wanasema springi ni ngumu. Ni kinyume chake: springi ni dhaifu, imebanwa sana ili ionekane imesimama, akikaa mtu inakubali. Hapo inatakiwa springi yenye waya mnene zaidi, siyo bomba. Na ukipata tupu 20 huku dereva ni 30, springi hiyo ni ngumu kupita uzito wako.

Kurekebisha kola yenye ngazi tano ni kazi ya dakika kumi, na bado watu wanaigonga kwa tindo na nyundo! Tazameni kola za pikipiki zilizopaki hapo stendi: meno yamelika, kingo zimechanika na kung'aa, kola imepanda upande mmoja, haikai tena kwenye ngazi. Osha kwanza kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani mpaka mchanga utoke kwenye ngazi, pitisha oili kidogo, kisha zungusha kwa spana yake ya ndoano. Kushoto na kulia ziwe ngazi ileile. Zikitofautiana, swingamu inavutwa upande na bushi zinaliwa.

Kama lazima ununue mpya, nunua jozi, kamwe usinunue moja. Pima kutoka katikati ya jicho mpaka katikati ya jicho, ikiwa haina mzigo. Tofauti ya mpaka milimita 10 inavumilika. Ukizidisha, usukani unakuwa mwepesi na wenye wasiwasi ukishuka mteremko, stendi ya pembeni inakuwa fupi na cheni inasugua swingamu. Pima na tundu la bushi, 10, 12 au 14, pamoja na upana wa jicho. Bushi kubwa kuliko bolti haijazwi kwa bati la kopo.

Funga upande mmoja kwanza, upande wa pili ubaki umeshikilia tairi. Zile washa (pete bapa za nati) zirudi kwa mpangilio ule ule, ya ndani na ya nje. Grisi ipakwe kidogo kwenye pini, isiguse mpira wa bushi kwa sababu inaulainisha na kuuvimbisha. Nati zishikishe tu. Shusha pikipiki, dereva akae, ndipo ukaze mwisho kwa kipimo cha kitabu. Ukikaza tairi likining'inia, mpira wa bushi unabaki umejisokota wakati wote wa safari na unachanika mapema.

Halafu cheni. Shokapu zikibadilika urefu, ulegevu wa cheni umebadilika. Pima dereva akiwa amekaa, tena zamisha nyuma mpaka sproketi ya mbele, pini ya swingamu na ekseli zikae mstari mmoja. Hapo ndipo cheni inapokaza kuliko sehemu nyingine, na bado ibaki na ulegevu kidogo. Ikikazika kama waya wa gitaa itaua beringi ya sproketi ya mbele. Rodi ya breki ya nyuma nayo ikaguliwe ukiwa umekaa, isije ikawa inashika yenyewe.

Nyongeza 1: Nimeulizwa kuhusu wanaobeba mikungu ya ndizi, na wanaopandisha majani ya ng'ombe kutoka tambarare. Pikipiki nyingi za aina hii zimepangiwa karibu kilo 130 hadi 150 pamoja na dereva. Mzigo ukining'inia nyuma ya ekseli unainua tairi la mbele, na shokapu yoyote haiondoi hilo. Sogeza mzigo mbele mpaka uguse siti, panda ngazi mbili za kola kabla ya safari, ukishusha mzigo zirudishe. Anayeacha kola juu jioni na kurudi mtupu kwenye utelezi wa masika, tairi linaruka badala ya kushika.

Nyongeza 2: Fundi mmoja ameandika hapa chini kwamba wateja wenyewe ndio wanaodai ugumu. Sawa, mteja anadai, lakini wewe ndiye mwenye spana. Mpimie A, B na C mbele ya macho yake, muandikie kwenye karatasi, kisha mkatalie bomba.

Nyongeza 3: Wenye maduka ya spea mliomo humu, tunaomba muanze kuandika kwenye bei zenu urefu wa shokapu, rodi inaingia milimita ngapi, tundu la bushi na unene wa waya wa springi. Na kama kuna anayeuza springi peke yake bila shokapu nzima, aweke hapa chini vipimo na idadi ya mizunguko.