Mjadala: Je, liposomu inayodumu zaidi katika damu ndiyo bora kwa dawa za saratani zinazoamshwa na mwanga?

Wapo wanaoshikilia kuwa fedha za umma za utafiti wa saratani zielekezwe kwanza kwenye liposomu (vifuko vidogo mno vya utando wa mafuta vinavyobeba dawa) zinazodumu muda mrefu katika damu, na mfano wao mkuu ni Doxil, dawa ya saratani iliyofungwa katika liposomu za aina hiyo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995. Kwa dawa zinazoamshwa na mwanga, naipinga hoja hiyo.

Dawa hizi zikiwa gizani haziui seli. Zinahitaji mwanga wa rangi yake na oksijeni iliyo karibu, na oksijeni kali inayozalishwa hapo hupotea kabla hata ya kuvuka seli moja. Nyingi pia hazipatani na maji: zikiingia katika damu bila msaada hugandana, na zikigandana nguvu ya mwanga hupotea bure. Liposomu huzitawanya. Hata hivyo, dawa ikisongamana ndani ya utando huohuo, molekuli hunyang'anyana nishati na kufifishana. Kwa hiyo kuivika liposomu vazi la polietilini glaikoli ili ikwepe ini na wengu, na hivyo idumu katika damu, hakutoshi. Taa ikiwashwa dawa ingali imefungwa humo, sehemu kubwa ya dozi haitafanya kazi.

Tazameni temopofini, dawa inayoamshwa na mwanga iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2001 kwa saratani ya kichwa na shingo. Haikutiwa katika liposomu, bali iliyeyushwa katika ethanoli na propilini glaikoli. Mgonjwa huchomwa sindano, kisha husubiri saa 96 ndipo amulikwe kwa mwanga wa nanomita 652. Siku ya kwanza hukaa ndani ya chumba chenye giza, balbu isizidi wati 60, na hurudi kwenye mwanga hatua kwa hatua kwa takriban wiki mbili. Vetepofini, dawa ya macho inayoamshwa na mwanga, iliyo katika liposomu isiyo na vazi la polietilini glaikoli, humwagwa mshipani kwa dakika 10. Dakika 15 tangu kuanza, jicho humulikwa kwa sekunde 83. Katika damu dawa hiyo huiacha liposomu upesi na kuhamia kwenye chembe zinazosafirisha lehemu.

Nitajibiwa kwamba vetepofini ni dawa ya macho, na kwamba hizi ni molekuli mbili tofauti. Ni kweli, na sidai kuwa imethibitisha lolote kuhusu uvimbe wa saratani. Ninachosema ni kwamba liposomu inayoachia dawa mapema inaweza kufaa, mradi saa ya taa ipangwe kulingana nayo.

Hoja kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huvuja, na hivyo liposomu zinazodumu katika damu hupenya na kujikusanya humo, nayo isitiliwe chumvi. Uchambuzi wa tafiti za miaka 10, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta kuwa kiwango cha kati cha dozi ya chembe za nano (chembe ndogo mno, zikiwemo liposomu) kinachofika kwenye uvimbe ni 0.7% tu. Inayobaki huenda kwingineko mwilini, na ikifika kwenye ngozi, jua halichagui.

Napendekeza kila ombi la fedha lionyeshe dawa iko wapi taa inapowashwa, na iko ndani au nje ya liposomu. Wanaotetea liposomu za muda mrefu nawauliza: mgonjwa wa saratani ya umio katika Afrika Mashariki, anayelima au kuvua juani, mtamtaka ajifiche jua kwa siku ngapi?