Gemu imekuwa ya kila mtu: wakongwe tufurahi au tunune?

Chogo_la_Tandika (mleta mada)
Wakuu, salamu. Juzi nimepita sehemu moja mjini: ukumbi una kiyoyozi, makochi ya ngozi, taa za zambarau, na saa moja ya gemu unalipia hela ya mboga ya siku mbili. Vijana wamevaa jezi zenye majina yao ya gemu, mtangazaji ana maiki, mdhamini kabandika nembo yake mpaka mlango wa choo. Nikasimama pale nisijue nifurahi au ninune.

Maana sisi tulichapwa kwa hiki kitu. Banda la mabati Tandika, TV ya chogo, PES, ile gemu ya mpira ya Konami, mia mbili mechi, aliyefungwa anampisha mwenzake. PS1 ikigoma kusoma CD tunaipindua juu chini ndiyo inakubali. Mzee akitokea na mkanda, mwenye banda anatutorosha kwa uani. Leo walewale waliotuita wahuni wanapeleka watoto wao wenyewe na kuwapiga picha. Kule Hangzhou, Michezo ya Asia ya 2023, gemu zimetoa medali za dhahabu kama riadha.

Swali: hii ni heshima tuliyoisubiri, au kitu chetu kimebebwa na wenye hela? Na tafadhali, hawa wa kwenye simu tuwaweke kando, naongelea wachezaji.

KidoleGumba
"Hawa wa kwenye simu" ndiyo kina nani, mkuu? Nacheza eFootball kwenye simu kila siku na nikikukuta humo unatoka na tano. Hiyo PES unayoililia Konami wenyewe waliizika 2021, wakabadilisha jina kuwa hiyo eFootball na kuigawa bure. Mteja wao sasa ni mimi, siyo wewe na chogo lako.

Mzee_wa_Castolo
Dogo, tulia. Hiyo ya 2021 ilipotoka mwezi wa tisa, sura za wachezaji zilikuwa kama mshumaa uliosahaulika juani, dunia nzima ikacheka. Ndiyo unajivunia?

Wewe umewahi kuanza Master League, ile ya kujenga timu kutoka chini kwenye PES, na Castolo na Minanda, wachezaji dhaifu wa kubuni, mshambuliaji hawezi kukimbia, na huna hela ya kusajili hata kipa wa akiba? Umewahi kuchagua Liverpool imeandikwa Merseyside Red, maana gemu haikuwa na kibali cha jina, na ukajua ndiyo hiyohiyo? Hujapitia. Kaa usikilize wakubwa.

Hoja_Nzito
Naomba tujibu alichouliza mleta mada, maana kuna jambo zito hapa. Hela imeingia kweli. Septemba 2025 ilitangazwa kwamba EA, kampuni iliyotengeneza gemu ya mpira ya FIFA, inauzwa kwa dola bilioni 55, na mfuko wa serikali ya Saudia ndio uko mbele kwenye hilo dili. Hela ya namna hiyo hairudi kwa kuuza CD. Inarudi kwenye zile pakiti za kadi za wachezaji: unalipa, unafungua, hujui utapata nani. Kuna nchi Ulaya, kama siyo Uholanzi ni Ubelgiji, walisema wazi ile ni kamari. Sisi tulikuwa tunapoteza mia mbili na kurudi nyumbani. Mtoto wa leo anapoteza salio la simu ya mama yake akiwa kitandani. Hapo ndipo gemu "kuwa ya kila mtu" kunaponitisha.

Mwana_Ilala
Ni Ubelgiji, 2018. EA wakaacha kuuza zile pointi za kununulia pakiti kule Januari 2019. Ila mkuu, "kurudi nyumbani" alikuwa nani? Wewe ulikuwa unarudi? Sisi tulikuwa tunakula nauli ya shule na hela ya mkaa. Tusijifanye watakatifu.

BintiWaMkunazini
Mimi nawasoma nacheka. Mnalia mlichapwa, mlichapwa. Nyie mlichapwa mkiwa ndani. Mie mtoto wa kike sikuruhusiwa hata kukanyaga kizingiti cha hilo banda. Kaka yangu alikuwa na PS2 nyumbani, nikiomba padi napewa ile isiyochomekwa, nabonyeza weee nikidhani ni mimi ninayekimbia. Simu ndiyo iliyonipa gemu ya kwangu mwenyewe, bila kumuomba mtu ruhusa. Sasa mleta mada anasema nikae kando. Kando wapi tena? Si ndiko nilikokuwa miaka yote?

Chogo_la_Tandika
Dada, hukunielewa. Sikumaanisha wanawake, nimemaanisha simu. Banda letu halikuwa na sheria ya kukataza msichana.

BintiWaMkunazini
Ilikuwa na haja gani ya kuandikwa?

Mtu_wa_Eastlands
😂😂 Dada amefunga uzi. Nyinyi watu wa Bongo mko nyuma bana. Huku Kenya tuna Queen Arrow, anacheza Tekken, gemu ya kupigana, alisajiliwa na timu ya nje kitambo, na akikushika hata hiyo Castolo yako haitakusaidia. Mimi napenda gemu ivume. Mamangu aliniambia gemu haitanilisha, leo anaona mtu kwa TV akilipwa ameketi. Bado hainilishi, lakini angalau ameacha kuongea.

Mzee_wa_Castolo
Castolo siyo wa Tekken wewe. Na tusipotoshe, mimi sina tatizo na wanawake wala Wakenya. Nasema kulikuwa na utaalamu. Mimi na Inter ya PES 6, Adriano mguu wa kushoto, nilikaa kwenye kiti kuanzia asubuhi mpaka adhana ya magharibi bila kumpisha mtu. Hiyo huwezi kuinunua kwenye pakiti.

Mwana_Ilala
Subiri kwanza. ADRIANO? Umetuhubiria utaalamu tangu uzi uanze, kumbe ulikuwa mtu wa Adriano? Nguvu ya shuti 99, unapiga kutoka katikati ya uwanja kipa anaingia na mpira wavuni, huo ndiyo utaalamu? Kwetu Ilala Adriano alikuwa haramu. Ukichagua Inter unampeleka benchi mbele ya mashahidi, ndiyo mechi inaanza.

KidoleGumba
Kumbe! Mzee na pakiti yake ya bure aliyopewa na Konami 😂😂😂

Mzee_wa_Castolo
Haramu kwa fatwa ya nani? Mchezaji yupo kwenye gemu, timu ipo, kila mtu anaiona. Mliomkataza ni mliokuwa mnafungwa. Na nyie wa Ilala tunawajua, pasi moja ya pembeni, krosi, kichwa, pasi ya pembeni, krosi, kichwa. Dakika tisini hakuna mtu anapita katikati. Ule ndiyo uhuni wenyewe.

Mwana_Ilala
Krosi ni mpira. Kichwa ni mpira. Povu la nini?

Hoja_Nzito
Wakuu, pakiti za kadi. Watoto. Kamari. Hakuna mwenye neno?

Fundi_Lenzi
Mimi nilikuwa mwenye banda, Temeke, niseme kidogo. Utaalamu mnaoupigania nusu yake ilikuwa padi. Padi namba mbili kijiti cha analogi kilishalegea, mchezaji anakwenda kushoto peke yake, na kila mbabe wa mtaa alikuwa anawahi namba moja. Nilikuwa naiona, nanyamaza, mbabe ndiye aliyeleta watazamaji. Huko ukumbini anakokusema mleta mada, padi zote mpya. Labda ndiyo maana wakongwe hatwendi.

Kuhusu kubebwa, mimi sikubebwa na wenye hela. Nilifunga kwa sababu kila mteja alikuwa na simu mfukoni, anakuja kukaa kwenye benchi langu, anacheza simu yake, anachaji kwa umeme wangu.

Chogo_la_Tandika
Fundi umenigusa, lakini ndicho ninachosema, ile benchi. Watu sita wanasubiri, wanatukana, wanafundisha, mtu anakuambia bonyeza duara sasa. Huyu wa leo anacheza na mtu wa Brazili asiyemwona. Turudi kwenye mada jamani.

BintiWaMkunazini
Yule wa Brazili hajawahi kuniuliza kama kaka yangu yupo.

Mtu_wa_Eastlands
Swali kwa Fundi: kwa banda lako Adriano alikuwa anaruhusiwa?

Fundi_Lenzi
Kabla ya saa kumi na mbili hapana. Baada ya hapo watu wanacheza kwa hela, wanapatana wenyewe.

Mwana_Ilala
Umesikia Mzee? HAPANA.

Mzee_wa_Castolo
Nimesikia "wanapatana wenyewe". Taja siku, taja sehemu, natafuta PS2 nzima na chogo. Namchagua Adriano na unaingia na krosi zako.

Mwana_Ilala
Padi namba moja nakuwa mimi.

Mzee_wa_Castolo
Hiyo sahau.