Safari ya Pamir: jiko anabeba nani?

Kikundi: UKOO NA MAGURUDUMU 🚲

[06:41] Rehema: Asalaam aleikum ukoo. Shikamoo Babu, shikamoo Shangazi, shikamoo Mjomba. Leo tunafunga mambo matatu ya safari yetu ya baiskeli kwenye milima ya Pamir. Tunaanzia Dushanbe, Tajikistan, au Osh, Kirgizia. Nani anabeba nini. Na kila mtu aseme "nipo" au "sipo". Inshallah si jibu

[06:58] Tatu: Inshallah

[06:58] Rehema: Tatu usinianze asubuhi

[07:15] Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Mbona mapema hivi

[07:16] Rehema: Shangazi nikisubiri hawa waamke itakuwa Oktoba, na Oktoba kule juu ni theluji. Watu hupita kati ya Juni na Septemba, basi

[07:40] Kassim: Mimi nasema Osh. Unatua, unapanda, siku chache tu uko Karakul ziwani unapiga picha. Dushanbe ni kuzunguka kwenye joto bure

[07:44] Rehema: Kassim soma polepole. Ukitokea Osh unalala Sary-Tash, mita 3,170 hivi. Kesho yake umevuka njia ya mlimani ya Kyzyl-Art iliyo juu ya mita 4,200, usiku uko Karakul, mita 3,900 na ushei. Madaktari wa milimani wanasema ukishapita mita 3,000, pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500. Wewe hapo umeruka 700. Kichwa kikianza kukugonga uko katikati ya mipaka miwili, posti ya Kirgizia na ya Tajikistan zimeachana kama kilomita 20, hapo utamwita nani

[07:45] Rehema: Ukitokea Dushanbe unapanda kidogo kidogo. Khorog ni mita 2,100 tu, ni mji, kuna hospitali na soko. Kutoka hapo mpaka mji wa Murghab ni kilomita 300 na kitu, mwili unazoea ukiwa njiani

[07:47] Tatu: Mwili wangu ushazoea kochi

[07:47] Tatu: Halafu mnajua Karakul ni shimo la kimondo? Jiwe lilianguka kutoka juu, ndio likatokea ziwa. Sasa mimi niende nikalale pale lilipoangukia, likumbuke kurudi palepale 😂

[07:49] Zubeda: 😂😂

[07:50] Rehema: Zubeda kumbe uko macho. Wewe ndiye muuguzi, tupe neno la dawa

[08:32] Zubeda: Nilikuwa wodini. Acetazolamide, ile dawa ya maradhi ya kupanda juu, inasaidia lakini si pipi, kila mtu amuone daktari wake kwanza. Anayeumwa kichwa na kichefuchefu halali juu zaidi siku hiyo. Na mkiona mtu anayumba akitembea, au anaongea ovyo, au anakohoa na kuhema hata akiwa amekaa, hamngoji kukuche. Mnashuka naye usiku uleule

[08:33] Tatu: Kuongea ovyo? Basi Kassim tutamshusha kabla hatujaondoka uwanja wa ndege

[08:35] Kassim: Tatu nitakusahau

[09:10] Shangazi Mwanaidi: 🎤 Sauti (2:51)

[09:14] Rehema: Shangazi niko kazini, naomba uandike

[09:31] Shangazi Mwanaidi: Nimesema hivi. Mwaka 2018 waendesha baiskeli wanne waliuawa hukohuko Tajikistan, waligongwa na gari kwa makusudi kisha wakashambuliwa kwa visu. Wageni, wanapita zao. Mimi sipingi safari. Nauliza mmelifikiria hilo au mnaongea vimondo tu

[09:52] Rehema: Nimelifikiria Shangazi. Ilikuwa Danghara, kwenye barabara ya kusini. Ndiyo maana nasema tupite kaskazini, Tavildara, barabara mbovu lakini haipiti Danghara

[09:53] Kassim: Tavildara ni mawe matupu mpaka mita 3,200 na kitu. Ya kusini ina lami

[09:54] Shangazi Mwanaidi: Lami itakusaidia nini

[10:20] Rehema: Tuendelee. MIZIGO. Vibali vya GBAO, maana bila hivyo mkoa wa Badakhshan huingii, nashughulikia mimi. Pampu Tatu. Dawa Zubeda. Tyubu na viraka kila mtu vyake. Chupa na mifuko ya maji, kila mtu awe na uwezo wa lita 8. Najua lita moja ni kilo moja, msiniambie. Ziwa Karakul lina chumvi, msije mkasema mbele kuna maji

[10:22] Rehema: Jiko?

[10:24] Rehema: Jiko jamani. Liwe la petroli. Mitungi ya gesi haipandi ndege na kule juu hamtaiona

[11:03] Salma: Enhe, jiko anabeba nani. Nauliza tu

[11:04] Kassim: Nilijua utaanza

[11:04] Salma: Sijaanza. Nimeuliza

[11:05] Kassim: Kama ni ile safari yetu ya Tichka kule Morocco, sema Tichka

[11:05] Tatu: 📷 Picha
Jamani hawa kondoo wa Marco Polo wanaishi hukohuko juu. Angalieni pembe zinavyojisokota. Huyu kafanana na Mjomba kwenye ile picha ya harusi

[11:06] Zubeda: Tatuuuu 😂😂😂

[11:09] Salma: Tichka sikuisema mimi, umeitaja mwenyewe. Ila kama umeitaja, jiko lilikuwa kwako, tambi zilikuwa kwangu. Kwa hiyo wote tulikula nini usiku ule?

[11:12] Kassim: Nilisema nimewasubiri juu

[11:12] Salma: Juu wapi

[11:13] Kassim: Salma safari hii si ya kila mtu. Kama unaona ngumu kuna magari ya kukodi kutoka Khorog, panda na mabegi, utatukuta Murghab. Si aibu

[11:15] Salma: Annie Londonderry alitoka Boston mwaka 1894, mama wa watoto watatu, akazunguka dunia na baiskeli. Mimi ndio nipande na mabegi?

[11:16] Kassim: Nusu ya dunia alipanda meli huyo

[11:16] Salma: Na wewe Tichka ulipanda lori

[11:16] Tatu: 😳

[11:17] Zubeda: Eeeh

[11:19] Kassim: Ujumbe huu umefutwa

[11:20] Salma ametoka kwenye kikundi

[11:26] Rehema: Safi sana. Hongereni

[11:27] Rehema amemwongeza Salma

[11:28] Rehema: Salma mdogo wangu kaa. Jibu ni jepesi tu. Kule juu maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 90, tambi zinachukua muda, petroli inaliwa kuliko mnavyodhani. Jiko si mzigo wa mtu mmoja, ni la wote. Ndiyo maana nataka jina

[11:29] Rehema: Na kitu kingine. 📷 Picha
Gurudumu la nyuma la baiskeli yangu jana. Spoku mbili zimekatika palepale zinapopinda kuingia kwenye hobu katikati ya gurudumu, zote upande wa gia. Mjomba Hamisi tunabeba spoku ngapi? Na kule kuna kilomita nyingi barabara ina mikunjo kama bati, itazimaliza zote

[11:50] Rehema: Mjomba?

[12:45] Rehema: Idi, Mjomba, Babu, tunawasubiri

[13:10] Tatu: Kule mbele ya Murghab kuna uzio wa mpaka wa China unafuatana na barabara. Kassim na Salma mmoja aende upande huu mmoja upande ule, tupumzike

[13:11] Rehema: Tatu wewe pampu umenunua?

[13:40] Tatu: Inshallah

[16:05] Babu Athumani: Asalaam aleikum. Nimesoma yote tangu asubuhi. Rehema ahsante kwa kuhangaika, na Mwanaidi alilosema mlichukulie kwa uzito, mtaniambia barabara gani.
Jiko atabeba Kassim. Na mwenye jiko ataendesha nyuma ya wote, kila siku, mpaka mwisho. Mtu akiwa nyuma na jiko hawezi kumwacha mtu.
Kassim utampigia Salma leo. Kupiga, si kuandika. Baba zenu walikula sahani moja miaka yao yote. Hilo likiwa halijafanyika, mimi nisisikie tena neno Pamir.

[16:05] Babu Athumani: Na sikupenda lile neno la mabegi.

[16:31] Zubeda: Tumekusikia Babu

[16:48] Shangazi Mwanaidi: Allah akupe umri Baba

[17:20] Rehema: Ahsante Babu. Basi tumeelewana tunaanzia Dushanbe?

[17:41] Rehema: Kimya ni ndiyo?

[18:02] Kassim: Babu nimekusikia. Jiko nitabeba. Nyuma nitakaa. Lakini Ak-Baital, pale barabara inapofika juu kabisa, ni mita 4,655, nikikaa nyuma ya Tatu tutafika mwakani

[18:03] Tatu: Utakuwa na jiko, utapika ukingoja

[18:04] Rehema: Kassim umempigia?

[18:30] Kassim: Nimepiga. Hapokei

[18:52] Salma: Nilikuwa naoga

[18:53] Rehema: Kassim piga tena

[19:15] Mjomba Hamisi: Marahaba wote. Rehema spoku usihesabu moja moja. Za nyuma upande wa gia na upande wa pili hazilingani urefu, na za mbele zina urefu wake. Pima zote tatu, beba chache za kila urefu. Lakini shida yako si spoku. Ikikatika ya upande wa gia huwezi kuingiza mpya bila kutoa sproketi, na kifaa cha kuzitolea kila aina ina chake. Nani ana hicho kifaa? Bila hicho spoku ni vijiti tu. Halafu zinavyokatika mbili kwa mpigo, gurudumu lilikazwa vibaya. Lete nilikaze upya

[19:17] Rehema: Alhamdulillahi Mjomba. Nakuletea Jumamosi. Kifaa nadhani anacho Kassim

[19:17] Mjomba Hamisi: Na huyo kondoo nimemuona Tatu

[19:18] Tatu: 🙈 Shikamoo Mjomba

[19:40] Rehema: Kassim kifaa kiko kwako?

[20:04] Kassim: Nilimwachia Salma Tichka

[20:05] Salma: Uliniachia???

[20:06] Rehema: Mpigiane SIMU. Humu msiandike

[20:50] Shangazi Mwanaidi: Rehema hujanijibu barabara

[20:53] Rehema: Kaskazini Shangazi. Kassim hataki lakini ndio nasema kaskazini, kama Babu ataridhia. Mvua ikiharibu kule tutakaa tuongee upya

[20:54] Shangazi Mwanaidi: Tutakaa

[21:22] Kassim: Amepokea. Tumeongea

[21:22] Tatu: Mkasema nini

[21:25] Salma: Tumeongea

[21:30] Rehema: Sawa. Kwa hiyo Kassim yupo, Salma yupo?

[21:44] Salma: Nitasema kesho

[22:17] Idi: Nipo

[22:17] Rehema: Haya! Idi, nipo ya safari au nipo kwenye kikundi?

[22:40] Rehema: Idi