Alikataa kutiwa damu akakufa: mwenye alimutoboa kisu njo muuaji?

Papa_Kadutu: Bandugu, huku Bukavu tunabishana tangu asubui. Muntu anatobolewa kisu, anafika hospitali, anakataa damu juu ya imani yake, anakufa. Mwenye kisu anasema amejiua mwenyewe. Iko na haki?

Droit_L2: Hapana papa. Uingereza, kesi ya Blaue, 1975: binti wa miaka 18, Shahidi wa Yehova, kisu ilifika mpaka ku mapafu, badaktari banamuambia bila damu utakufa, akakataa, na Blaue, mwenye alimutoboa, alihukumiwa tu. Ukiumiza muntu unamukamata vile iko, mwili na imani yake.

Mama_Furaha: Na daktari akikosea?

Droit_L2: Mama, hiyo ingine. Kesi ya Jordan, 1956, Uingereza pia: Jordan alitoboa muntu kisu, kidonda ilikuwa karibu kupona, bakamupa tena dawa yenye walishaona mwili wake inakataa, akakufa, hukumu ya Jordan ikafutwa. Lakini kosa kidogo tu haitoshi kama kidonda njo bado inaua.

Papa_Kadutu: Na kwetu Congo?

Droit_L2: Kode penali, artikle 48: umepiga kwa kusudi, bila nia ya kuua, akakufa, ni miaka 5 mpaka 20.

Mama_Furaha: Ee! Basi atafute avoka muzuri, hiyo ya "amejiua" aache.