Klabu ndogo inaanzaje ushirikiano na wadau walio nje ya michezo?

Katibu_Temeke: Ndugu wanajukwaa, mimi ni katibu wa klabu ya soka ya vijana hapa Temeke, yenye timu tatu na kiwanja cha kuazima katika shule ya msingi. Kwa miaka miwili tumeandikia makampuni barua za kuomba ufadhili, na jibu ni lile lile kwamba bajeti imekwisha. Naomba kueleweshwa jinsi vyama vya michezo vinavyoshirikiana na sekta za afya, elimu au mazingira bila kugeuka ombaomba wa jezi.

Kocha Mstaafu: Ndugu Katibu, itazame MYSA (Mathare Youth Sports Association), jumuiya ya michezo ya vijana ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1987 katika mitaa ya mabanda ya Mathare kwa msukumo wa Bob Munro, raia wa Kanada. Taka zilikuwa zimezagaa, kwa hiyo usafi wa mtaa ukafanywa sehemu ya ligi yenyewe, na timu inayokamilisha zoezi la usafi huongezewa pointi 6 katika msimamo. Walipobisha hodi kwa watu wa mazingira walikuwa tayari na kazi ya kuonyesha, na mwaka 1992 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likawatunuku tuzo ya Global 500. Baadaye elimu ya UKIMWI nayo iliwafikia vijana kupitia mtandao huo huo wa timu. Soka haikudhurika hata kidogo: Mathare United, iliyozaliwa humo, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008.

Shangazi wa Ligi: Nakubaliana na Kocha, ila tusisahau kwamba MYSA iliweza kugawa pointi kwa sababu ligi ni yake. Klabu moja haina mamlaka hayo, hivyo ni afadhali kwanza uwashawishi waandaaji wa ligi ya kata, kisha mwende pamoja kwa afisa michezo na afisa afya wa manispaa.

Mweka Hazina: Mimi nasisitiza maandishi. Kampuni moja ilitukabidhi jezi, ikapiga picha, na msimu uliofuata hakuna aliyepokea simu zetu, kwani hatukuwa na mkataba. Sasa hata na zahanati tunaandikiana nani atamlipia muuguzi nauli ya Jumamosi, na picha za watoto zitumike kwa idhini ya nani. Pia msidhani kwamba fedha huelekea klabuni tu. Mwaka 2006 Barcelona iliweka jina la UNICEF kifuani, na klabu ndiyo iliyoahidi kutoa euro milioni 1.5 kwa mwaka.

Katibu_Temeke: Nawashukuru nyote. Mwalimu mkuu anayetuazima kiwanja hulalamikia sana utoro wa Ijumaa, nami sikuwahi kuliona kuwa jambo la klabu. Nitamwomba tukubaliane kwa maandishi kwamba kikosi cha Jumamosi kipangwe baada ya kutazama rejista ya mahudhurio.